Sinia Hupimwa na Anayelibeba

Saa saba mchana, Kariakoo, chakula hakingoji mteja aje, kinamfuata. Msaidizi wa mama lishe hutoka jikoni na sinia la alumini lenye sahani tano au sita za wali, kila moja imefunikwa kwa sahani nyingine iliyogeuzwa, pembeni bakuli la maharage na vikombe viwili vitatu vya chai kwa wale ambao hawakuwahi kunywa asubuhi. Atapita kati ya mikokoteni, atakwepa pikipiki, atapanda ngazi hadi duka la vitambaa ghorofani, na muda wote huo mikono yake miwili haina nafasi ya kitu kingine. Mlango akiukuta umerudishwa, atausukuma kwa mguu. Tazama vidole vyake: vinne viko chini ya sinia, dole gumba limeng'ang'ania ukingo mwembamba, na kifundo cha mkono kimepinda kwa nyuma. Wali haumtii wasiwasi. Chai ndiyo inayomtia wasiwasi, kwa sababu chini ya vikombe hakuna kitu ila alumini laini iliyolowa.

Vyombo vya kubebea na kuandalia chakula vimezoea kusifiwa kwa jicho la mtu aliyekwisha kaa. Huyo hupendezwa na ubao wa mninga ulioletwa na mishikaki, na kindoo cha bati chenye chipsi ndani, na sinia la kioo lililonakshiwa. Sina ugomvi na mapambo, ingawa kindoo cha chipsi kinanishinda: zile za chini hulainika kabla mlaji hajafika nusu. Ugomvi wangu uko kwenye kipimo. Chombo cha kubebea kina watumiaji wawili, anayekula na anayebeba. Wa kwanza hukigusa dakika chache, wa pili hushinda nacho kutwa. Ubunifu wa maana katika vyombo hivi ni ule ulioanzia kwenye mkono, kifundo na hatua za mbebaji. Na kila ulipoanzia hapo, mlaji naye alifaidika, kwa kuwa chai ilimfikia ikiwa kikombeni badala ya kisahanini.

Tuanze na hiyo chai, maana imechunguzwa. Mwaka 2012 Rouslan Krechetnikov na Hans Mayer, wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, walichapisha utafiti kuhusu jambo ambalo kila mhudumu analijua kwa mkono wake: kwa nini kahawa humwagika mtu anapotembea nayo. Walichogundua ni kwamba kimiminika ndani ya kikombe cha kawaida kina mwendo wake wa asili wa kuyumba huku na huku, na mwendo huo unakaribiana mno na mapigo ya hatua za binadamu. Kwa hiyo kila hatua husukuma wimbi pale pale linapotaka kusukumwa, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea, na wimbi hukua mpaka linavuka ukingo. Katika majaribio yao kahawa ilimwagika kwa kawaida kati ya hatua ya saba na ya kumi. Utafiti huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa mambo yanayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, na wengi wakaishia kwenye kucheka. Mwaka 2017 tuzo hiyo hiyo ilimwendea kijana wa Korea Kusini, Jiwon Han, aliyeonyesha kwamba kikombe kikikamatwa kwa juu, vidole vikishuka kukizunguka mdomo, hutikisika kidogo kuliko kinaposhikwa kwenye sikio lake. Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2015, wengine walibaini kuwa matabaka machache tu ya povu juu ya kinywaji yanatosha kulituliza wimbi. Bia yenye povu, basi, husafiri salama kuliko chai ya rangi.

Maana ya matokeo haya ni nzito kuliko yanavyosikika. Mhudumu anayemwaga huambiwa hana umakini, ana haraka, mikono yake mizito. Kumbe tatizo limo katika ndoa ya kikombe na mwendo, na umakini hauwezi kubadili mapigo ya hatua za mtu aliyeambiwa awahi. Kinachoweza kubadilishwa ni chombo.

Waturuki hawakusubiri maabara. Katika soko kuu la Istanbul lenye paa na mitaa inayolizunguka, vijana wa vibanda vya chai hupeleka chai madukani kwa sinia dogo la duara lenye mikono mitatu myembamba inayopanda na kukutana juu kwenye kipete kimoja. Kijana hukamata kipete kwa mkono mmoja, na sinia linaning'inia ubavuni pake na vile viglasi vyao vyembamba kiunoni. Uzito wote uko chini ya mahali linaposhikwa, hivyo sinia liko huru kuinama lenyewe bila kumwomba mbebaji ruhusa. Akianza kukimbia, sinia hubaki nyuma kidogo, na kwa kuwa limefungwa kwenye ile mikono yake mitatu, ukingo wake wa nyuma huinuka. Chai nayo, kwa msukumo ule ule, ingetaka kupanda upande wa nyuma wa glasi. Viwili hivi vinakwenda kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ndani ya glasi chai hubaki sawa na ukingo, kana kwamba hakuna aliyekimbia. Akisimama ghafla, mambo hayo hayo hutokea kwa upande wa mbele. Mbebaji hodari anaweza hata kulizungusha duara zima, likapita juu ya kichwa chake na kurudi, bila tone kuanguka. Huo ni mchezo wa kuonyesha watalii. Faida halisi ni ya kawaida zaidi: mkono wa pili uko huru kufungua mlango, kupokea hela, kukusanya glasi tupu au kushika ukuta wa ngazi.

Japani walilipeleka jambo hili kwenye injini. Tambi za soba zilikuwa zikipelekwa majumbani na maofisini kwa baiskeli, mpelekaji ameshika usukani kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshikilia begani mnara wa masinia na mabakuli. Soichiro Honda na wenzake walipobuni pikipiki ya Super Cub, iliyotoka mwaka 1958, mmoja wa watu waliofikiriwa alikuwa huyo mpelekaji wa soba: pikipiki iwe rahisi kiasi cha kuendeshwa na mtu mwenye mzigo mkono mmoja. Ndiyo sababu haikuwekewa klachi ya mkono wa kushoto. Klachi yake hujiendesha yenyewe, gia hubadilishwa kwa mguu. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za jamii hiyo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100, na sijui ni mashine gani nyingine iliyoenea duniani kiasi hicho huku ikiwa na sinia la chakula katika asili yake. Uendeshaji wa mkono mmoja ulipoonekana hatari kwa miji iliyojaa magari, ukabuniwa mtambo wa kufungwa nyuma ya pikipiki, demae-ki: fremu ya chuma yenye springi, na chini yake kibao kinachoning'inia ambacho mabakuli hupangwa juu yake. Pikipiki ikipiga shimo, springi hulimeza. Ikifunga breki, kibao huyumba mbele na supu hukaa.

Linganisha na pikipiki zinazopeleka chakula katika miji yetu. Chakula huning'inizwa kwenye usukani ndani ya mfuko, jambo ambalo kwa kweli si baya kwa supu, ila ni baya kwa usukani; au hutiwa ndani ya sanduku la mraba lililofungwa nyuma ya kiti au mgongoni mwa dereva. Sanduku hilo hutunza joto vizuri. Halina lolote linalotunza ulalo. Kwenye kona hakuna neno, maana pikipiki yenyewe hulala na mzigo ukalala nayo. Shida iko kwenye breki na matuta, na miji yetu ina matuta ya kutosha. Jawabu lililopatikana limekuwa kuongeza vifungashio: kopo la plastiki, kifuniko, karatasi ya nailoni ikazungushwa mara tatu, kisha mfuko ukapigwa fundo ambalo mteja atalikata kwa kisu. Kazi ambayo ingefanywa na springi moja kwa miaka mitano hufanywa na takataka mpya kila safari.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kifaa kinachoweza kukaa meza moja na sinia la Istanbul na demae-ki bila kuona haya. Muuza kahawa wa Lamu, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hutembea na birika refu lenye shingo nyembamba na mkono juu, na chini yake limeunganishwa jiko dogo la makaa. Makaa huweka joto, lakini pia huweka uzito chini kabisa, mbali na mkono, kwa hiyo birika huning'inia likiwa limesimama. Shingo nyembamba huinyima kahawa uwanja wa kupiga mawimbi. Mkono mwingine una vikombe visivyo na masikio, vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, na mlio wake vikigonganishwa ndilo tangazo la biashara. Hakuna haja ya kupaza sauti. Busara kubwa kuliko zote ni kwamba kikombe hakisafiri kikiwa kimejaa. Wanasayansi wa Santa Barbara walishughulika na kikombe kinachotembea. Muuza kahawa aliliondoa swali lenyewe, akabeba kinywaji mahali pamoja, vikombe mahali pengine, akavikutanisha mbele ya mnywaji.

Hapa huja pingamizi la kwanza, tena la haki. Wapo wasemao kuwa tunapoanza kusifu vifaa vya jadi tunafika haraka kwenye kumsifu mama mwenye beseni kichwani, kana kwamba mateso yake ni ubunifu. Kuna ushahidi wa kutazamwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, uliowapima wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mzigo usiozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nguvu wakati wa kutembea. Dunia ilishangaa, na habari hiyo imekuwa ikirudiwa tangu hapo kwa furaha ya kupita kiasi. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini na hawakuikuta nafuu hiyo kwa jumla. Walikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na malalamiko ya shingo. Kwa hiyo sisemi kichwa ndicho chombo bora. Nasema ngata, ule mviringo wa kanga unaowekwa utosini, ni kifaa kilichofikiriwa kutoka kwa mwili wa mbebaji: hugeuza utosi ulioviringana kuwa kitako cha kukalia sinia na kuacha mikono huru. Mtu akipata njia itakayookoa na shingo pia, ngata ipumzike. Lakini kuibadilisha kwa sinia la kukamatwa kwa mikono miwili ni kurudi nyuma.

Pingamizi la pili ni usafi, na hili lina meno. Vikombe vya kahawa vya barazani husuuzwa ndani ya kindoo kile kile cha maji kwa wateja wengi, na baada ya miaka ya kipindupindu na ya Uviko hakuna mtu mzima anayeweza kulipuuza. Boksi la kutupa, husemwa, halijaguswa na mdomo wa mtu mwingine. Kweli. Ila tofauti iwekwe kati ya kubeba na kuosha. Kosa liko kwenye maji ya kindoo, na dawa yake ni vikombe vingi zaidi au maji yanayotiririka kutoka kwenye kidumu chenye bomba. Birika halijakosa.

Hilo boksi lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Mwambie muuza chipsi "nifungie", naye atazimimina chipsi mayai zikiwa zinatoa mvuke ndani ya boksi jeupe na kukibana kifuniko. Mvuke hauna pa kutokea, hupiga dari ya boksi, hugeuka matone na kunyesha juu ya chakula. Ndani ya dakika kumi zile kingo zilizokauka zimekuwa uji. Wauzaji wanaojali hutoboa kifuniko kwa uma. Kawa, kile kifuniko cha ukindu chenye umbo la pia kinachowekwa juu ya sinia la chakula nyumbani, limejaa matundu hayo tangu lisukwe: mvuke hutoka, nzi haingii, na umbo lake lililochongoka haligusi chakula. Hotipoti hushinda kawa kwa joto, na anayepeleka uji kwa mgonjwa hospitalini afanye vyema kuchukua hotipoti. Kwa sambusa na maandazi hotipoti ni adui. Kila chakula kina tabia yake njiani.

Pingamizi la tatu ni la wafanyabiashara: vyombo vya kurudishwa havirudi. Mteja atabaki na sinia, glasi itapotea, na mwisho wa mwezi hesabu haikai. Zanzibar ilianza kuzuia mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara Juni 2019; mifuko ikaondoka, maboksi ya kufungia chakula yakabaki, na hoja inayoyalinda ni hii ya urudishaji. Inashangaza kuisikia kwetu, ambako kreti la soda lenye chupa 24 limekuwa likienda na kurudi kwa miongo mingi hadi vijijini. Mtoto anayetumwa dukani anajua kwamba bila chupa tupu ataacha hela ya chupa au atainywa soda pale pale. Mumbai wamefika mbali zaidi. Tangu takriban mwaka 1890 wapo wabebaji, dabbawala, wanaochukua chakula kilichopikwa nyumbani ndani ya vibakuli vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, wanavipakia kwenye treni, wanavifikisha ofisini, na alasiri vibakuli vitupu vinarudi kwenye nyumba ile ile. Kabla ya Uviko walikuwa takriban 5,000. Anwani ni alama za rangi, herufi na tarakimu zilizoandikwa juu ya kifuniko. Na pale stesheni, ambako treni haisubiri, chombo chao ni sanduku refu jembamba la mbao lisilo na kifuniko, linalobebwa kichwani, likiwa na vibakuli vya makumi ya wateja kwa mkupuo mmoja. Urudishaji, basi, hutegemea utaratibu kuliko tabia ya mtu.

Kuhusu gharama sitazungumza sana. Mafundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, hutengeneza majiko, makarai na masanduku ya wanafunzi wa bweni kwa nyundo na patasi. Sinia la kuning'inia linataka sinia la kawaida, vyuma vyembamba vitatu, riveti na kipete. Hakuna fundi kati yao atakayeomba achorewe mara mbili. Kinachokosekana ni wa kuagiza, na hapo ndipo nadhani kiini kilipo: anayenunua sinia si anayelibeba. Mwenye mgahawa husimama dukani akitazama kama linang'aa, kama linapangika moja juu ya jingine kabatini, kama bei inashuka akichukua dazeni. Maswali hayo yote ni halali, na sinia la mikono mitatu litayashindwa karibu yote. Halipangiki. Linachukua nafasi kwenda juu. Katika msongamano huyumba kwenye usawa wa kichwa cha mtoto mdogo, na kwa sahani sita za wali vidole vitauma kabla hujafika kona. Ni chombo cha chai, kahawa, supu na juisi. Wali na ugali viendelee na sinia lao pana. Simtetei Mturuki. Natetea swali ambalo yeye aliliuliza kabla ya kununua chuma.

Swali hilo lina upande wa sheria pia, usiotajwa katika mazungumzo ya vyombo. Mhudumu aliyemwaga au kuvunja mara nyingi hukatwa mshahara. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinaruhusu makato ya kufidia hasara kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Neno la kushikwa hapo ni kosa. Ikiwa kikombe kilichojazwa hadi ukingoni humwagika katika hatua kumi za mtu yeyote mwenye mwendo wa kawaida, basi aliyejaza na aliyechagua sinia wana sehemu yao, na mfanyakazi anayepinga kukatwa ana la kusema zaidi ya kuomba radhi. Msaidizi wa mama lishe hana mkataba wa kuupeleka popote, na tajiri wake mwenyewe anaishi kwa mauzo ya siku. Kwake yeye nafuu ya leo ni ndogo na haingoji fundi: kitambaa chenye unyevu kitandikwe chini ya vikombe, chai iende ndani ya chupa ya chai, vikombe viende vitupu.